Moshi wa Chumba cha Nyuma

Likizo iliyopita nilikwenda Ujiji kuiaga nyumba yetu kabla haijavunjwa, nikakuta nimechelewa. Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu wiki mbili nyuma, akasema tofali za udongo zimechoka, mvua moja kubwa itaiangusha, naye anataka kujenga ya bloku palepale kabla mvua hazijaanza. Lakini mimi nafundisha jiografia sekondari moja huko Singida, na mwalimu hatoki kituoni kabla shule hazijafungwa. Niliposhuka kwenye bodaboda na begi langu, mabati yalikuwa yameshaezuliwa na chumba cha mbele kimebaki msingi. Kilichokuwa bado kimesimama ni chumba cha nyuma.

Fundi mmoja alikuwa amepanda juu ya ukuta wa chumba hicho, anachomoa vitambaa kwenye matundu ya hewa. Alikuwa anavichomoa kwa ncha ya nyundo, kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa cheusi tii, kimekakamaa kama ubao. Ukuta wenyewe kwa ndani ulikuwa unang'aa masizi kana kwamba uliwahi kupakwa lami. Fundi akacheka, akauliza watu wa nyumba hii walikuwa wanaogopa nini hata wakaziba matundu kwa bidii kiasi hiki. Mdogo wangu akaendelea kupanga mabati. Mimi nikajifanya nahangaika na zipu ya begi. Vitambaa vile niliviweka mimi, na namkumbuka hata mwenye gauni lililochanwa kupata kile cha maua.

Nikusimulie, maana nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka ishirini na tano, na si jambo la kumsimulia mwalimu mwenzako wakati wa chai.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo, katikati ya nyumba nyingine zilizobanana hata maji ya bati letu yalimwagikia ukuta wa jirani. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda mwaloni Katonga, inakotua mitumbwi, kununua migebuka kwa wavuvi, anamtuma mtu na tenga nyumbani, kisha yeye anakwenda sokoni kukaa na samaki wa jana mpaka jioni. Baba alikuwa ameshahamia Mpanda na kuoa huko. Kwa hiyo aliyetulea mchana ni bibi, mama yake mama, aliyeshuka kutoka kijijini kwao juu, upande wa Kasulu, siku chache baada ya baba kuondoka. Alikuja na mbuzi mmoja, jembe lake, na Kiha chake. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni tu: salamu, bei, na maneno mawili matatu ya kumfukuza mteja anayebonyeza samaki bila kununua.

Kazi ya bibi ilikuwa kubanika. Alikuwa anawapasua wale migebuka mgongoni kwa kisu kifupi, anawasugua chumvi, anawapanga juu ya wavu wa chuma uliowekwa kwenye pipa lililokatwa nusu. Chini ya pipa anaweka kuni, na juu ya kuni anarushia machicha ya chikichi, yale makapi yanayobaki watu wakishakamua mawese. Machicha yana mafuta bado, hayawaki vizuri, yanafuka. Bibi alitaka hivyo. Mgebuka aliyebanikwa kwa moto mkali anaungua nje na kuoza ndani, lakini wa moshi wa machicha anatoka na rangi ya dhahabu, na wateja wa mama walinunua kwa kuangalia rangi. Kiangazi kazi hiyo ilifanyika uani. Mvua zikianza, pipa linaingia chumba cha nyuma, na huko linakaa mpaka mvua ziishe.

Sitakudanganya kwamba niliuchukia moshi ule. Mpaka leo nikipita mahali pakanuka samaki wa kubanika, nasimama. Tulikuwa tunakula vichwa, kwa sababu vichwa vilivyokatika haviuziki. Bibi alikuwa anaviponda kidogo, anavitia kwenye mawese yaliyochemka na kitunguu, na ugali wa muhogo unaovutika, na mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mdogo wangu alikuwa anapenda macho ya samaki. Tulikuwa tunampa yote, kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Alikuwa na pumu. Wakati ule hatukulitumia jina hilo, tulisema tu ana kifua. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na akikohoa bibi alikuwa anamwitikia, kama mtu aliyeitwa jina lake. Anaweza kuwa anapasua samaki, mtoto akikohoa huko nje anasema "naam" kwa Kiha na kuendelea na kazi. Akikohoa mara tatu mfululizo, anaacha kisu. Walilala pamoja, yeye na bibi, chumba cha nyuma, kwenye mkeka, upande wa pili wa pipa, kwa sababu pale palikuwa na joto na bibi aliamini mtoto mwenye kifua anataka joto. Mimi na mama tulilala chumba cha mbele, chenye dirisha. Hilo nalo nililiona la kawaida.

Na si moshi wetu peke yake. Jirani wa kulia alikuwa anachemsha mawese kwenye pipa zima. Wa kushoto alichoma takataka uani kila asubuhi, plastiki, majani, ndala zilizokatika, kila kitu. Gari la taka halikufika kwetu, lisingeweza hata kukata kona. Moshi wa kwao ukitoka unaingia kwetu, wa kwetu unawarudia wao, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mvua zikikolea, maji yanapanda kwenye tofali mpaka usawa wa kiuno changu, na ukungu wa kijani unaota nyuma ya mkeka. Nilikuwa naukwangua kwa kijiko. Tulikuwa tunajitahidi, usione hivi. Ua wetu ulifagiwa mara mbili kwa siku.

Sasa nikwambie kuhusu binti wa muuguzi.

Muuguzi alihamishiwa Ujiji kutoka Iringa nilipokuwa darasa la tano. Alikuwa mama mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipewa nyumba ya watumishi karibu na kituo cha afya: sakafu ya saruji, madirisha ya vioo yenye nyavu, jiko lake kando. Binti yake akapangwa dawati moja na mimi. Hakuwa na maringo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa na maringo. Alinigawia andazi lake siku ya kwanza, na siku ya pili akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini daftari zangu zinanuka samaki. Nikamwambia tunaishi karibu na jirani anayebanika. Akasema pole. Lile pole likanifungulia mlango. Siku zilizofuata nikamjengea nyumba nzima kwa mdomo. Kwetu kuna jiko nje kama kwao, mdogo wangu ana kitanda chake, mama ana duka sokoni. Nilikuwa napiga pasi sare yangu kwa kuikalia, nikatembea kwenda shule mikono mbali na mwili ili harufu ipepewe na upepo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliona haya ya kwetu kuliko nilivyoogopa kitu chochote duniani.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema. Wiki ya pili tu mdogo wangu akaanza kupiga filimbi kifuani, na mama, kabla hajaondoka alfajiri, akamwambia bibi ampeleke kituoni, na mimi niende nikatafsiri. Nilimbeba mgongoni kwa kanga, bibi akashika mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Njiani bibi alikuwa anapanga maneno. Alikuwa mtu wa kupanga maneno. Aliniambia kuna jambo analotaka kumwuliza daktari, amelifikiria tangu mvua zianze, na nisilisahau.

Tulipoitwa ndani tukamkuta muuguzi mezani. Na kwenye benchi la ukutani, na daftari mapajani, alikuwa binti yake, anafanya hesabu, kwa sababu siku hiyo shule yetu ilikuwa imefungwa kutokana na bati lililong'olewa na upepo. Akanitabasamia. Nikamwamkia mama yake. Bibi akakaa, akampakata mdogo wangu, nami nikasimama katikati yao.

Muuguzi alimsikiliza mtoto kifuani, mbele na nyuma, kisha akauliza analala wapi. Bibi akajibu kwa Kiha, polepole, kama alivyokuwa amepanga: analala na mimi, chumba cha samaki, karibu na pipa, apate joto. Nikageuka. Nikasema:

"Analala chumbani kwake, kitandani."

Muuguzi akaandika. Akauliza tunapikia wapi, na kama kuna moshi ndani ya nyumba. Hapo bibi alieleza kwa kirefu. Alionyesha kwa mikono namna pipa linavyoingizwa ndani mvua zikianza, namna machicha mabichi yanavyofuka, namna mtoto anavyoamka na macho mekundu. Kisha akaweka mkono kifuani kwa mdogo wangu na kusema lile alilokuwa amelipanga njia nzima. Aliniambia: mwulize yule mama kama huu moshi wangu ndio unaomziba mtoto pumzi. Kama ndio, aniambie leo, nitautoa nje hata mvua inipige.

Hebu fikiria. Bibi aliyekuwa hajui kusoma, aliyeshuka milimani na mbuzi, alikuwa amelipata jibu mwenyewe. Alikuwa anahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia ndiyo. Na binti wa muuguzi alikuwa ameinua uso kutoka kwenye hesabu zake, ananiangalia, anangoja kusikia habari za nyumba niliyomjengea.

"Anasema jiko letu liko nje," nikasema. "Anauliza kama ni baridi ya ziwa."

Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema baridi nayo inachangia, mfunikeni vizuri usiku, na bahati nzuri nyumbani hakuna moshi, maana moshi ndio adui mkubwa wa watoto kama huyu. Akaandika neno hilo kwenye daftari la mtoto, hakuna moshi, nikaliona kwa macho yangu, kwa mwandiko mzuri. Bibi alikuwa ananitazama mdomoni. Akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia kwa Kiha: anasema ni baridi, tumfunike, tumpe vidonge hivi.

Bibi akavipokea vidonge. Akauliza, na moshi? Nikamwambia moshi hauna neno.

Ndiyo hiyo aibu yangu. Mtu akiniambia nilikuwa mtoto, namwelewa, na nimejiambia hivyo mwenyewe mara nyingi nikiwa safarini au nikisahihisha mitihani. Lakini nilijua nilichokuwa nafanya. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimefurahi, kwa sababu rafiki yangu alinisindikiza mpaka getini.

Tangu siku ile bibi akaitangazia baridi vita. Zamani matundu ya hewa yalizibwa siku za upepo tu. Sasa ikawa kazi yangu ya kila jioni, kabla sijala, kupanda juu ya kinu na kuyajaza yote vitambaa, na kusukuma kwa kijiti mpaka usione nuru. Chini ya mlango tukaweka gunia. Bibi akamsogeza mtoto karibu zaidi na pipa. Alimfunika blanketi lake na kanga zake mbili, na yeye akalala na gauni la siku. Nilikuwa najaza vitambaa, mdogo wangu ananihesabia kutoka chini, moja, mbili, tatu, kwa sauti inayokatika. Mama alipouliza daktari kasemaje, bibi alimjibu kwamba tumeeleza kila kitu na wamesema ni baridi. Mama alikuwa amechoka, alikuwa na samaki wa kesho wa kufikiria, akaamini.

Katikati ya mvua hizo, asubuhi moja ya Jumamosi, mdogo wangu alizidiwa. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia filimbi imekatika, nikageuka nikaona mbavu zake zinaingia ndani na midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Bibi alikuwa amemshika anamwitikia, anamwitikia, ingawa mtoto hakohoi tena. Nilimfunga mgongoni nikakimbia. Njia nzima nilihisi pua yake shingoni mwangu inavuta na kukosa. Nilianguka mara moja kwenye tope karibu na msikiti, nikainuka bila kumgusisha chini.

Muuguzi alimchoma sindano ya mshipa, akakaa naye mpaka rangi ikarudi. Kisha akanisogeza pembeni. Alinusa kanga niliyombebea. Akaniuliza kwa upole nina hakika nyumbani hakuna moshi, kwa sababu nguo za mtoto zinanuka moshi mpaka ndani. Binti yake hakuwepo siku ile. Chumbani tulikuwa sisi watatu tu, na mmoja alikuwa amelala anapumua kwa shida. Sina cha kusingizia hata kidogo. Nikasema tulipita kwa jirani anayebanika. Akaniangalia, nadhani alikuwa na shaka, lakini watu walikuwa wamejaa nje na yeye alikuwa peke yake. Akasema basi tusimpitishe njia hiyo tena.

Mdogo wangu alipita hivyo misimu miwili ya mvua. Hakuanza shule na wenzake. Wenzake walipopita mlangoni na sare alikuwa anakaa kizingitini na kuwapa ushauri wa mpira, maana mpira alikuwa anaujua wote kwa kuutazama. Kifua chake kikaanza kutuna mbele kama cha njiwa, na mpaka leo kiko hivyo. Fundi wa nguo anajua kuficha kitu kama hicho, na mdogo wangu ni fundi wa nguo, lakini akivua shati utaona.

Aliyetuokoa alikuja kukagua vyoo. Bwana afya, kijana wa huko huko Kasulu, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu na karatasi yake. Alipokuwa uani akasikia kikohozi na kusikia bibi anaitikia "naam" kwa Kiha, akacheka, akamsalimu kwa lugha hiyohiyo. Akaomba kuona mtoto anapolala. Nilikuwa juu ya kinu, na kitambaa mkononi. Alisimama mlangoni, macho yakamtoka machozi kwa moshi, akamwambia bibi maneno machache tu kwa lugha yake mwenyewe. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Bibi alimwitikia kila neno, kisha akaniambia nishuke.

Jioni ileile pipa likatoka nje. Mama akapata mabati mawili mabovu na miti minne, akasimamisha kibanda uani, na mvua iliyofuata bibi alibanika pale huku maji yakimchuruzika mgongoni, kama alivyoahidi. Mdogo wangu alihamia chumba cha mbele, chini ya dirisha. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anakimbia mpaka kwa jirani na kurudi. Si kwamba alipona, jirani wa kulia bado alichemsha mawese na wa kushoto bado alichoma ndala. Lakini alikuwa anakimbia. 

Bibi hakuniuliza kitu. Yeye alifikia uamuzi wake: muuguzi alikuwa mgeni, katoka kusiko na samaki, hakuujua moshi wetu. Alimsamehe, lakini si sana. Mwaka uleule muuguzi alipohamishwa, alipita nyumba za wagonjwa wake kuaga, na kwetu akafika. Alimpa bibi mkono. Bibi, ambaye hata mdai alimpa mikono miwili na kupiga goti kidogo, alimpa vidole tu na kutazama pembeni. Yule mama alishangaa, akanitazama mimi kana kwamba nitamtafsiria na hilo. Nilitazama chini. Alikuwa amemkimbilia mdogo wangu mara nne au tano, amemrudishia pumzi kwa mikono yake, na akaondoka Ujiji akiwa amenyimwa mkono kwa kosa langu. Binti yake alinipa penseli mpya yenye kifutio. Sikuitumia, wala sikuitupa, nadhani mama aliigawa.

Bibi amefariki miaka tisa sasa. Mama alimfuata. Nilirudi kwa mazishi yote mawili na yote mawili nikaondoka kama nilivyokuja, na neno langu tumboni.

Basi siku ile ya kuvunja nyumba, mafundi walipokwenda kula, tulibaki mimi na mdogo wangu tumekaa kwenye msingi wa chumba cha mbele. Alikuwa ananionyesha kwa kidole mahali patakapokuwa na madirisha. Vumbi la tofali lilimshika, akatoa inhela kwenye mfuko wa shati, akavuta mara mbili, akaendelea na habari za madirisha. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, kuanzia kitanda cha uongo mpaka baridi ya ziwa. Nilisema kwa haraka, nikiangalia kile chumba cha nyuma.

Aliirudisha inhela mfukoni. Kisha akasema:

"Dada, mimi nilikuwepo."

Sikumwelewa. Akaeleza bila hasira, akichezea kipande cha tofali. Alikuwa amepakatwa na bibi siku ile. Kiha alikuwa anajua, kwa sababu alishinda na bibi. Kiswahili alikuwa anajua, kwa sababu ni mtoto wa Ujiji. Alisikia swali likitoka kwa bibi, akasikia jingine likifika kwa muuguzi, na akasikia jibu linavyorudi. Chumba kizima, aliyeelewa pande zote mbili, ukiniondoa mimi, ni yeye.

Akaniambia pia jambo ambalo sikulijua. Bibi alipokuwa karibu kufa, na mimi niko Singida nasimamia mitihani, alimwita akamwuliza: siku ile kituoni, niliuliza habari za moshi, au nilitaka kuuliza nikasahau? Lilikuwa linamsumbua. Alikuwa amefika mahali haamini kumbukumbu yake mwenyewe, anadhani huenda alikaa kimya mbele ya muuguzi na kumponza mjukuu wake. Mdogo wangu akamjibu kwamba aliuliza, tena vizuri. Bibi akasema, wakajibu ni baridi. Akamwambia ndiyo, bibi, walijibu ni baridi. Akaishia hapo, hakutaja mtu.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia bibi, ikiwa si siku ile ya mwisho, basi zamani, tulipokuwa wadogo, wakati kusema kungeweza kumsaidia. Nadhani nilikuwa nataka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi miaka mingi. Alifikiria kwa muda mrefu, kama bibi alivyokuwa anafikiria.

"Nilitaka kumwambia tukifika nyumbani," alisema. "Halafu nikawaza, wewe ndiye unayenibeba. Nikikusema utakasirika, nikizidiwa nani atanikimbiza?"

Mafundi walirudi, wakapanda ukutani, na kufika alasiri chumba cha nyuma kilikuwa chini. Hakuna tena kinu, wala pipa, wala bibi wa kuitikia. Ujiji bado kuna nyumba nyingi zilizobanana na moshi wake, unaweza kwenda kuziona. Yetu haipo. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba katika nyumba ile mwenye siri alikuwa mmoja tu, na kumbe pale mgongoni kwangu, kila nilipokimbia naye kwenye mvua, kulikuwa na mtoto wa miaka sita anayebana maneno pamoja na pumzi, ili nisimtue.